"Ile ya presha tu"

Mama mmoja wa makamo aliletwa kwetu kwa bajaji, saa kumi na moja alfajiri. Alikuwa amekaa wima katikati ya watoto wake, mdomo ameuziba kwa khanga. Alipoitoa, midomo ilikuwa imevimba, upande mmoja kuzidi mwingine, na ulimi umejaa hadi alama za meno zimebaki pembeni. Alilala mzima, akaamka hivyo. Hakuumwa na mdudu, hakula kitu kigeni. Ngozi yake ilikuwa safi, haina upele, wala hajikuni.

Nikamuuliza binti yake mama anatumia dawa gani.

"Hatumii dawa, daktari. Ile ya presha tu."

Nafanya kazi katika chumba cha dharura hapa Dar es Salaam, na hilo neno "tu" nimelisikia mara nyingi kiasi cha kuamua kuliandikia. Wengi wetu, wahudumu wa afya tukiwemo, tukiona uso umevimba ghafla tunasema aleji, tunachoma sindano ya aleji, tunasubiri uvimbe ushuke. Kwa mgonjwa kama huyu, kusubiri huko ndiko kunakoua.

Uvimbe huu kitaalamu huitwa anjioedema. Mishipa midogo ya damu inalegea na kuvujisha maji kwenye nyama laini za midomo, ulimi na koo. Kinachoilegeza ndicho kinachoamua tiba. Kwenye mzio, yaani aleji, ni kemikali ya mwili iitwayo histamini: mtu ameumwa na nyuki, amekula kamba au karanga, amechomwa penisilini. Mara nyingi ndani ya dakika chache anawashwa, anatoka mabaka, kifua kinabana, anatapika, pengine presha inaporomoka. Kwa mama yule ilikuwa kemikali nyingine, bradikinini. Hiyo haileti mwasho wala mabaka. Huvimbisha polepole, kwa saa kadhaa, na antihistamini, dawa za kawaida za aleji, haziigusi.

Bradikinini iligunduliwa Brazili mwishoni mwa miaka ya 1940 na Maurício Rocha e Silva na wenzake, walipokuwa wakichunguza sumu ya nyoka aitwaye jararaca. Baadaye Sérgio Ferreira akaona kwamba ndani ya sumu hiyohiyo kuna kitu kinachoizuia bradikinini isivunjwe mwilini. Kutokana na kazi hiyo ikapatikana dawa ya presha iitwayo kaptoprili, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1981, kisha ndugu zake enalaprili na lisinoprili. Ni dawa nzuri. Zimeokoa mioyo na figo za watu wengi, nami bado naziandika. Lakini kimeng'enya kinachofungwa na dawa hizi, ACE, ndicho pia kinachovunja bradikinini. Kwa watu wachache, chini ya mmoja katika kila mia, bradikinini hulundikana na uso ukavimba. Sisi wenye asili ya Afrika tumo hatarini mara kadhaa zaidi ya wazungu. Na inaweza kutokea baada ya miaka mingi ya kumeza kidonge kilekile bila shida, ndiyo maana hakuna anayekishuku.

Kitandani lakini sianzi na chanzo. Naanza na hewa. Namwambia mgonjwa aseme jina lake. Akiongea kama aliyejaza tonge mdomoni, akitokwa mate asiyoweza kuyameza, au akivuta hewa kwa sauti ya mluzi, koo linafunga. Namwacha akae wima kama alivyochagua mwenyewe. Kumlaza chali kwa nguvu ili umchunguze vizuri ni kosa kubwa. Anapewa oksijeni, anawekewa njia ya dawa kwenye mshipa, na daktari wa usingizi anaitwa wakati huohuo, asisubiriwe mpaka hali iharibike.

Kukiwa na dalili yoyote ya mzio mkali, au nikishindwa kutofautisha, nachoma adrenalini: miligramu 0.5 kwa mtu mzima, kwenye msuli wa paja kwa nje, na narudia baada ya dakika 5 ikibidi. Haidrokotisoni, ambayo ni steroidi, na Piriton, ambayo ni antihistamini, ni za baadaye. Nimeona adrenalini ikiogopwa na kuachwa kabatini huku mgonjwa akiongezewa haidrokotisoni, na jambo hilo linaniuma. Kwa uvimbe wa bradikinini adrenalini haina msaada mkubwa, lakini kuinyima kwa mtu mwenye mzio ni hatari zaidi kuliko kumpa asiyeihitaji.

Dawa mahususi? Ikatibanti, inayozuia bradikinini, ilileta matumaini katika utafiti mdogo wa Ujerumani wa mwaka 2015. Utafiti mkubwa zaidi wa 2017 haukuona tofauti. Plazma, yaani majimaji ya damu iliyotolewa na wachangiaji, na asidi ya traneksamiki, dawa ya kuzuia damu kutoka, hutumika pia, ushahidi wake ni mwembamba. Kwa hiyo tiba yenyewe ni kuilinda njia ya hewa. Tulimpitishia mama yule mpira wa kupumulia puani, akiwa macho, koo limetiwa ganzi, kwa kuongozwa na kamera nyembamba. Shingoni nilikuwa nimekwisha kuweka alama kwa kalamu, mahali pa kupasua endapo tungeshindwa, na kisu kiko wazi kwenye sinia. Kumpa dawa ya kumlegeza kabisa kabla ya hapo kungeweza kuizima pumzi yake ya mwisho.

Siku ya tatu ulimi ulikuwa umerudi kinywani na mpira ukatolewa. Tukambadilishia dawa ya presha, tukampa amlodipini, isiyo ya ukoo huo. Nikamweleza kwamba uvimbe unaweza kujirudia hata wiki kadhaa baada ya kuacha kidonge, na ukianza aje mara moja, asisubiri kukuche. Nikamwomba binti alete dawa zote zilizopo nyumbani.

Alileta mfuko wa plastiki. Ndani mlikuwa na lisinoprili iliyobaki, na chini yake boksi zima la enalaprili, walilopewa kipindi lisinoprili ilipoadimika dukani.

"Hii si ile, daktari," mama akasema, sauti bado imekwaruza. "Hii nilitaka nirudi nayo."

Nikamwonyesha herufi nne za mwisho kwenye kila boksi: pril. Akazisoma moja moja kwa kidole. Kisha akaniomba kalamu nyekundu, akaziandika mwenyewe kwenye jalada la kadi yake ya kliniki, na juu yake akaandika SITUMII.