Je, wajua kwa nini mteremko uliofyekwa ukawa mweupe huporomoka miaka kadhaa baadaye?

Kila mwaka, kati ya Januari na Februari, jua la kiangazi linapokuwa limekausha nyasi za vilima vya Bugisu, mashariki mwa Uganda, na vya Kigezi, kusini-magharibi, wenye mashamba ya miteremkoni hushika mapanga. Shamba lililolala miaka miwili au mitatu limeota kayukiyuki (lantana), matete na vichaka vya miiba, nyoka na nyuki wamejipatia makao humo, mitaro ya zamani haionekani tena, na mvua za Machi ziko karibu. Mwenye shamba hutaka kuliona limekuwa safi. Hufyeka, hung'oa visiki, huchoma kilichobaki, na msimu wa kwanza mambo humwendea vizuri: mvua hunyesha, maharagwe huota, kilima hakisogei. Ndiyo maana ni vigumu kumshawishi kwamba kazi aliyoifanya kwa jasho lake imekidhoofisha kilima hicho. Kikija kuporomoka katika mwaka wa nne au wa saba, lawama huiendea mvua ya siku ile, na hakuna anayekumbuka ufyekaji ule wa zamani.

Ili kuelewa ucheleweshaji huo, inabidi kwanza tuangalie ni nini kinachoufanya udongo ukae mahali pake. Udongo wa mteremkoni huvutwa kushuka mchana na usiku, na unabaki pale kwa sababu mambo matatu yanashindana na mvuto huo. La kwanza ni msuguano, kwa kuwa chembe zinazolemeana hazitelezi kwa urahisi, na kadiri zinavyolemeana ndivyo zinavyoshikana. La pili ni unata wa mfinyanzi. La tatu ni mizizi. Mvua kubwa inapoingia ardhini hujaza nafasi ndogo ndogo zilizokuwa na hewa kati ya chembe, na maji yakifika kwenye mwamba au kwenye tabaka gumu yasiloweza kulipenya, hukusanyika hapo na kuanza kusukuma kuelekea juu. Chembe zilizokuwa zimelemeana sasa zinabebwa kwa sehemu na maji, msuguano unapungua, na papo hapo uzito wa udongo uliolowa umeongezeka. Mara nyingi husemwa kwamba maji huufanya udongo uteleze kama sabuni, lakini jambo kubwa zaidi ni shinikizo hilo la maji, ambalo huinua mzigo uliokuwa ukizibana chembe pamoja.

Hapo ndipo mizizi huonyesha kazi yake. Ile minene inayoshuka wima hupita kwenye udongo laini ikajishikiza katika tabaka gumu la chini au katika nyufa za mwamba, na ile myembamba, ambayo ni mingi zaidi, hutambaa pande zote na kusukana na ya mti wa jirani, ikaufunga udongo kama ukindu unavyoshika mkeka. Mti ukikatwa na usichipue tena, mizizi hiyo haipotezi nguvu siku ile. Hufa polepole na kuoza, ikitangulia ile myembamba, na kwa muda fulani mizizi iliyokufa huendelea kukishika kilima kana kwamba mti bado upo. Mimea mipya nayo huota, lakini mizizi yake huhitaji miaka ili ifike kina kile kile. Basi katikati hupita kipindi ambacho mizizi ya zamani imekwisha na mipya haijatosha. Watafiti wa misitu waliopima jambo hili katika nchi mbalimbali wamekikuta kipindi hicho, kwa kawaida, kati ya mwaka wa 3 na wa 15 baada ya miti kukatwa. Katika nchi yenye joto na unyevu kama Uganda, ambako kuni iliyoachwa nje huoza upesi, sioni sababu ya kutarajia kwamba kitachelewa kufika.

Kwa hiyo kuandaa mteremko uliofunikwa na vichaka kabla ya mvua ni kazi ya kukata, wala si ya kung'oa. Kayukiyuki ikikatwa huchipua tena, matete vile vile, na mikaratusi mingi pia, na kila kisiki kinachochipua ni mizizi iliyobaki hai. Nafahamu kwamba mkulima hapendi kusikia haya, kwa sababu kisiki kinachochipua kitamrudisha shambani na panga baada ya miezi michache. Hata hivyo, kukata mara tatu kwa mwaka kwenye mteremko mkali ni afadhali kuliko kung'oa mara moja, na jembe litumike katika vile vipande tu vinavyokwenda kupandwa mazao. Miti iliyonyooka na yenye afya iachwe. Mingi ya mizizi ya mgomba huishi karibu na uso wa ardhi, kwa hiyo shamba la migomba mitupu, hata liwe la kijani namna gani, halina nanga ya kina, na ni vyema kuchanganya humo mibuni na miti ya kivuli, kama wafanyavyo wakulima wengi wa kahawa kwenye miteremko ya Mlima Elgon.

Kuchoma nako kuna gharama yake. Tone kubwa la mvua huanguka kwa kasi ya karibu mita 9 kwa sekunde, na likigonga udongo mtupu huurusha na kuuvunja kuwa vumbi laini linaloziba matundu ya juu, hata maji yanayofuata yakashindwa kuingia na kuanza kukimbia. Majani na matawi yaliyofyekwa, yakilazwa kwa mistari inayokatiza mteremko na kuzuiliwa na visiki vilivyoachwa, huyapokea matone hayo na kuyapunguza mwendo maji yanayotiririka. Moto hulifanya vazi hilo kuwa majivu, ambayo mvua ya kwanza huyachukua.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo naona ndilo linalokosewa zaidi, hata na watu wenye nia njema. Mteremko una maadui wawili, na dawa ya mmoja yaweza kumpa nguvu mwingine. Adui wa kwanza ni mmomonyoko, yaani maji yanayokimbia juu ya ardhi na kuchukua udongo wa juu. Huyu huzuiliwa kwa mitaro na matuta yanayoyasimamisha maji ili yazame. Adui wa pili ni maporomoko yenyewe, ambayo hutokea kwa sababu maji yamezama mengi mno. Huko Kigezi, tangu miaka ya 1940, wakulima walihimizwa na serikali ya kikoloni kuyagawa mashamba kwa vipande vinavyokatiza mteremko, vyenye kingo za nyasi kati yake, na kwa miaka mingi udongo ukajikusanya nyuma ya kingo hizo hadi vilima vikawa na ngazi zinazoonekana hadi leo karibu na Kabale. Kazi ile imeokoa udongo mwingi, na inasikitisha kuona baadhi ya kingo zikikatwa ili rutuba iliyojikusanya humo itawanywe shambani. Lakini mtu asichukue mtaro mlalo wa kuzamisha maji akauchimba popote. Miteremko ya Elgon ni mabaki ya volkano ya kale, na mahali pengi mwamba wake umeoza kwa kina kirefu ukawa udongo wenye mfinyanzi mwingi. Mtaro unaotuama maji juu ya mteremko mkali wa namna hiyo hulisha lile shinikizo la chini nililolieleza.

Ukubwa wa maji yenyewe unastahili kuhesabiwa. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Mvua ya milimita 50, ambayo inaweza kunyesha katika alasiri moja, humwaga juu ya ekari moja lita zipatazo 200,000, yaani tani 200. Paa la mabati lenye mita 60 za mraba peke yake hutoa lita 3,000 katika mvua hiyo hiyo, sawa na jerikeni 150 za lita 20, na katika nyumba nyingi za milimani maji hayo yote huangukia ukingo uliokatwa nyuma ya nyumba ili kupata uwanja tambarare. Ukingo huo ulikwisha kunyang'anywa udongo uliokuwa ukiushikilia kwa chini, kisha unanyweshwa jerikeni 150 za ziada. Kama mtu ana siku moja tu ya kujiandaa kabla ya mvua, ningemwomba aitumie kuweka mfereji wa bati chini ya paa na kuyaelekeza maji kwenye tangi, au mbali kabisa na ukingo, kabla hajagusa kichaka chochote.

Kwenye mteremko mkali, basi, maji yaongozwe yatoke. Mtaro wa kuongoza maji huchimbwa juu ya nyumba na juu ya shamba, ukikatiza mteremko kwa kushuka kidogo sana: katika kila mita 100 ushuke kati ya nusu mita na mita moja, kwa kuwa ukishuka zaidi utajichimba wenyewe uwe korongo. Kipimo chake hakihitaji chombo cha duka. Fito mbili hufungwa pamoja juu, fito ya tatu huzikatiza katikati hata zikafanana na herufi A, na kamba yenye jiwe huning'inizwa kutoka kileleni ili ionyeshe usawa. Udongo uliochimbwa huwekwa upande wa chini na kupandwa matete mvua za kwanza zinapoanza. Mwisho wa mtaro ndio wenye ugomvi, maana maji lazima yafike kwenye mkondo wa asili wenye nyasi au kwenye mwamba, na mara nyingi njia ya kufika huko hupita katika shamba la jirani. Jambo hilo lizungumzwe mbele ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, wakati wa kiangazi, watu wakiwa na nafasi ya kusikilizana. Mitaro ya zamani iliyofichwa na kichaka itafutwe na kuzibuliwa kabla ya kuchimba mipya. Kwa kweli ufyekaji wote ungepaswa kuanzia hapo.

Miti iliyo karibu na nyumba iangaliwe peke yake. Matawi makavu yakatwe, na mti mrefu ulioinama kuelekea paa uondolewe, kwa sababu upepo wa dhoruba huutumia kama mtaimbo wa kung'olea udongo.

Hata hivyo kuna mahali ambapo kazi hii yote haitoshi. Mizizi mingi huishia katika mita moja au mbili za juu, na poromoko lenye kina kirefu kuliko hapo hupita chini yake na kuibeba miti ikiwa bado imesimama. Tarehe 1 Machi 2010 udongo wa Elgon ulikifunika kijiji cha Nametsi, wilayani Bududa, pamoja na kituo chake cha afya, na mamia ya watu walikufa au hawakuonekana tena. Mwezi Oktoba 2018 maafa yalirudi Bududa, katika eneo la Bukalasi, na mwezi Novemba 2024 yakafika Bulambuli. Mabonde madogo yaliyo kama kiganja kilichokunjwa, ambamo maji ya pande zote hukutana, ni mahali pa hatari hata yakiwa na miti, na hapo nyumba isijengwe.

Baada ya kufyeka, ardhi ikiwa inaonekana, mwenye shamba apande hadi juu kabisa atafute ufa wenye umbo la mwezi mchanga, kwa kuwa ufa huo huonyesha mahali ambapo kipande cha kilima kimeanza kuachana na kingine. Ufa mdogo hujazwa mfinyanzi na kushindiliwa ili maji yasiingie moja kwa moja, mtaro huchimbwa juu yake, na vijiti viwili huchomekwa, kimoja kila upande, ili umbali kati yake upimwe kwa kamba kila wiki. Umbali ukiongezeka, au chemchemi ya chini ikianza kutoa maji ya tope, au mlango wa nyumba ukianza kugoma kufunga bila sababu, familia ilale kwingine usiku huo huo, na wanaoishi chini yake waambiwe.