Umeme wa joto la bahari: maji hayahitaji kuwa ya moto

Dhana iliyoenea kuhusu umeme huu ni kwamba bila maji ya moto hakuna mvuke wa kuzungusha turbaini, yaani gurudumu linaloendesha jenereta. Lakini si kila kimiminika huchemka kama maji. Amonia, kwenye mgandamizo wa kawaida wa hewa, huchemka ikiwa nyuzi 33 chini ya sifuri. Ukiizungusha ndani ya mabomba yaliyofungwa, maji ya juu ya bahari yenye nyuzi 26 yanatosha kuigeuza gesi. Gesi hiyo huzungusha turbaini, kisha hupozwa na maji ya nyuzi 5 hivi yanayovutwa kutoka kina cha mita 1,000, ikawa kimiminika tena. Kinachofua umeme ni tofauti ya joto kati ya maji hayo mawili.

Wengine hudhani ni wazo la juzi. Mfaransa Jacques-Arsène d'Arsonval alilitoa mwaka 1881.

"Ufanisi wake ni mdogo mno, basi haufai." Nusu ya kauli hii ni kweli. Kwa tofauti ya nyuzi 20 hivi, kanuni za fizikia haziruhusu zaidi ya takriban asilimia 7 ya joto kugeuzwa umeme, na mitambo halisi hupata kama asilimia 3. Ila joto la bahari halinunuliwi, kwa hiyo asilimia hiyo peke yake haituambii mengi. Mimi naona swali la maana ni hili: pampu zinazovuta maji zinakula umeme kiasi gani? Mhandisi Mfaransa Georges Claude alipojenga mtambo wake Matanzas, Cuba, mwaka 1930, alipata kilowati 22, lakini kuuendesha kulihitaji umeme mwingi kuliko huo. Mtambo wa majaribio wa Hawaii wa mwaka 1993 ulifua hadi kilowati 255, na baada ya pampu kuchukua fungu lao zikabaki 103. Hayo ni maendeleo makubwa, na yanastahili kusemwa.

Je, huzimika jua likizama? Hapana. Bahari ya tropiki haipoi kwa usiku mmoja, kwa hiyo mtambo hufanya kazi saa 24.

Lakini pia si kila pwani inafaa. Tofauti ya nyuzi 20 inatakiwa karibu mwaka mzima, na kina kirefu kiwe karibu na nchi kavu. Vinginevyo bomba la maji baridi linakuwa refu na ghali, na mawimbi hayalihurumii.

Wala si kweli kwamba bahari haiguswi. Maji ya kina yamejaa virutubisho. Yakimwagwa juu yanaweza kuchochea mwani kuzaliana kupita kiasi. Ndiyo maana wasanifu hupendelea kuyarudisha chini zaidi, mwanga wa jua unakofifia.