Kura za hoja Marekani mwaka 2020: tunavyodhani na ilivyokuwa

Novemba 3, 2020 dunia ilikodolea macho Biden na Trump. Wengi wetu hatukujua kwamba siku hiyohiyo wapiga kura wa majimbo 32 walikuwa na maswali mengine takriban 120 ya kujibu: bangi iruhusiwe au la, dereva wa Uber ni mwajiriwa au anajitegemea, mbwa-mwitu warudishwe milimani au basi. Kuhusu kura hizi watu husema mengi, na mengi hayasimami ukiyafuatilia.

“Ni kura ya maoni ya nchi nzima.” Anayekumbuka Kenya ikipigia kura katiba Agosti 4, 2010, au Zanzibar ikiamua serikali ya umoja wa kitaifa siku nne kabla yake, atadhani hivyo. Marekani haijawahi kufanya kura ya maoni ya taifa, na katiba yake haina kifungu kinachoiruhusu. Kila jimbo lina maswali yake na masharti yake.

“Maswali hutoka kwa wananchi.” Machache. Karibu nusu ya majimbo hayampi mwananchi nafasi ya kupeleka hoja kabisa. Maswali mengi hutoka bungeni, kwa sababu kila jimbo isipokuwa Delaware lazima liwaulize wapiga kura kabla ya kubadili katiba yake.

Na hata pale saini zinapohitajika, tusidanganyane. Mwaka huo California ilitaka saini halali 623,212 kwa hoja ya sheria na 997,139 kwa hoja ya katiba. Huwezi kuzipata kwa kuzunguka mtaani na jirani yako. Wanakodiwa wakusanyaji, wanasimama kwenye milango ya supamaketi na ubao wa fomu, wanalipwa kwa kila saini. Kwa hiyo “mwananchi” mwenye hoja anaweza kuwa chama cha wafanyakazi, tajiri mmoja, au kampuni. Hoja namba 22 ya California, iliyotaka madereva wa programu za simu wasihesabiwe kuwa waajiriwa, ililetwa na Uber, Lyft, DoorDash na wenzao baada ya bunge la jimbo kupitisha sheria iliyowabana mwaka 2019.

“Ndiyo ni mabadiliko, Hapana ni kubaki tulipo.” Hapa hata wenyeji huteleza. Mwaka 2018 California ilitunga sheria ya kufuta dhamana ya fedha taslimu kwa watuhumiwa. Wafanyabiashara wa dhamana, yaani wanaowadhamini watuhumiwa kwa malipo, wakakusanya saini ili sheria ipelekwe kwa wapiga kura kabla haijaanza kutumika, ikawa Hoja namba 25. Swali lilikuwa: sheria hii ibaki? Waliohangaika kuipeleka kwenye karatasi ya kura ndio waliotaka watu waseme Hapana. Asilimia 56 wakasema Hapana, na dhamana ya fedha ikaendelea kama kawaida. Aliyeweka alama ya Hapana akidhani anakataa dhamana, aliiokoa.

“Mwenye pesa ndiye mshindi.” Hoja namba 22 inawapa nguvu wasemao hivyo. Kampuni zilimwaga zaidi ya dola milioni 200, wapinzani wakawa na takriban sehemu ya kumi ya hizo, na hoja ikapita kwa zaidi ya asilimia 58. Ndani yake wakaweka sharti kwamba bunge likitaka kuirekebisha lipate sehemu saba kati ya nane za kura katika kila moja ya mabaraza yake mawili. Ujanja huo unastahili kusomwa mara mbili. Lakini Illinois, gavana J.B. Pritzker alitoa zaidi ya dola milioni 50 zake mwenyewe kutetea mfumo mpya wa kodi ya mapato, bilionea Ken Griffin akatoa kiasi kinachokaribia hicho kuupinga, na gavana akashindwa. Kwa maoni yangu pesa huzuia vizuri kuliko inavyojenga: mpiga kura akishatiwa shaka, huchagua Hapana.

“Watu hufuata chama.” Florida ilimpa Trump ushindi, na siku hiyohiyo karibu asilimia 61 wakakubali kima cha chini cha mshahara kiongezwe kutoka dola 8.56 kwa saa hadi 15 ifikapo 2026. California ilimpa Biden zaidi ya asilimia 63, kisha ikakataa kuondoa marufuku ya 1996 ya kuzingatia rangi katika udahili wa vyuo vya umma na ajira za serikali. Biden na Harris walikuwa wameipinga Hoja namba 22 hadharani. Ikapita.

“Ukivuka nusu umeshinda.” Si Florida. Huko marekebisho ya katiba yanataka asilimia 60. Mwaka huo hoja ya kufungua kura za mchujo kwa wapiga kura wote ilipata asilimia 57 na ikaanguka. Cha kuchekesha ni kwamba kiwango hicho chenyewe kiliwekwa na wapiga kura mwaka 2006, kwa asilimia zisizofika 58.

“Anayepiga kura ndiye atakayeishi na matokeo.” Colorado walipitisha kwa asilimia 50.9 hoja ya kurudisha mbwa-mwitu wa kijivu. Kura za Ndiyo zilitoka zaidi Denver, Boulder na miji jirani, upande wa mashariki wa milima. Hoja yenyewe ilisema wanyama waachiliwe upande wa magharibi, kwa wafugaji, ambao wengi wao walikataa. Desemba 2023 mbwa-mwitu kumi kutoka Oregon wakafunguliwa. Jimbo hulipa fidia ya hadi dola 15,000 kwa mnyama mmoja wa mfugo, lakini anayeamka usiku kuangalia ndama si yule aliyeweka alama mjini.

“Wananchi wakishaamua, imekwisha.” Dhana hii ndiyo kubwa kuliko zote. Mississippi waliikubali bangi ya matibabu kwa wingi mkubwa. Meya wa mji wa Madison alikuwa ameshakwenda mahakamani kabla ya uchaguzi na dai moja la hesabu. Katiba ya jimbo, katika kifungu cha 1992, inasema wilaya moja ya uchaguzi wa bunge la taifa isitoe zaidi ya moja ya tano ya saini. Wakati huo wilaya zilikuwa tano. Baada ya sensa ya 2000 zikabaki nne. Nne mara asilimia 20 ni 80, kwa hiyo saini haziwezi kutimia hata zikikusanywa milioni. Hoja mbili zilikuwa zimepita mwaka 2011 bila mtu kuhoji jambo hilo. Mei 2021 Mahakama ya Juu ya jimbo, kwa majaji sita dhidi ya watatu, ikaifuta kura ya bangi, na utaratibu mzima wa wananchi kuleta hoja ukafa nayo. Mwaka uliofuata bunge likaruhusu bangi ya matibabu kwa sheria yake lenyewe.

South Dakota nako mahakama ilifuta hoja ya bangi kwa kuwa ilibeba mambo zaidi ya moja. Oregon walipunguza adhabu ya kukutwa na dawa za kulevya kidogo hadi faini ya dola 100. Mwaka 2024 bunge likarudisha kosa la jinai. Na Alaska, iliyokubali kwa tofauti ya kura zisizofika 4,000 mfumo wa mpiga kura kuwapanga wagombea kuanzia anayempenda zaidi, iliulizwa tena mwaka 2024 kama inautaka. Mfumo ukanusurika kwa kura zisizofika 800.