"Mtihani ni mmoja kwa wote": hapo ndo mnapokosea

Juzi tena mzazi kaja na matokeo ya mwanae, divisheni wani ya pointi 7, yaani ya juu kabisa, hongera zake, afu ananiambia "mwalimu, akili ni za kuzaliwa, hawa wengine wavivu tu". Sijui ni wa ngapi mwaka huu, nimechoka, acha niandike.

Katika hoja zao zote, inayonikera zaidi ni hii, eti karatasi ni moja na saa ni moja, kwa hiyo aliyeongoza ndo mwenye akili. Karatasi ni moja kweli, safari je? Mtoto wa shule ya msingi ya serikali kasoma miaka 7 kwa Kiswahili, anaingia kidato cha kwanza anakuta usanisinuru umegeuka fotosinthesisi, hesabu Kiingereza, jiografia Kiingereza, mwalimu naye anachanganya lugha ili darasa lisimpotee. Wa inglish midiam hiyo lugha kaanza nayo chekechea. Miaka minne baadaye wanakaa mtihani wa NECTA (baraza la mitihani la Tanzania), mmoja anajibu swali mwenzie bado analitafsiri. Nimefundisha wengi wa hivi, muulize kwa Kiswahili moyo unasukumaje damu anakueleza mpaka vali zinavyofunga, mpe swali lilelile kwenye karatasi anaandika mistari miwili anakwama. Sasa hapo mbovu ni bongo? Na yule aliyepita kesho ndo yupo kwenye paneli ya intaviu ya ajira, anamcheka huyu kwa Kiingereza cha kuungaunga na anaamini kabisa kafika pale kwa kichwa chake tu.

Ushauri wangu ni uleule mpaka watu wananitania: kabla hujalipia tuisheni ya pasti pepa, mtoto asome ukurasa mmoja wa Kiingereza kwa sauti kila siku, akimaliza akusimulie kwa Kiswahili. Hata kama we mwenyewe hukijui, msikilize.

"Elimu bure tangu 2016, hakuna kisingizio." Kilichofutwa ni ada. Sare, daftari na nauli ya daladala analipa nani?

"Shule fulani inatoa vipaji." Inachuja jamani! Mtihani mlangoni, wastani usipofika unahamishwa, wanaobaki wakifaulu mnashangaa nini. NECTA Januari 2023 waliacha kutangaza shule kumi bora, nikashukuru, ila simu za kuniomba orodha hazijakoma.

"Wenzetu Marekani wanaangalia kichwa tu." Harvard imezoea kuwapendelea watoto wa waliosoma palepale, na 2019 wazazi matajiri walishtakiwa kwa kuwanunulia watoto nafasi za vyuo, wengine wakapachikwa kwenye timu za michezo wasiyocheza.

Yule mzazi wa juzi nilimuuliza, dada anayekulelea huyu mtoto kaishia darasa la ngapi? Akasema la saba, tena kwao alikuwa anashika namba moja. Akanyamaza kidogo, afu akaniuliza tuisheni ya kidato cha tano inaanza lini.