Kwa nini kano la kidole hushonwa kwa nyuzi nne au sita, na si mbili?

Kisu kikiteleza ukimenya muhogo, kinaweza kuacha jeraha la sentimita moja tu upande wa ndani wa kidole. Damu inakatika upesi, lakini kidole kinagoma kukunja. Kilichokatika ni kano, ule ugwe mweupe unaofunga msuli wa mkono kwenye mfupa wa kidole (wengi huuita mshipa). Haliungi lenyewe, maana msuli huivuta ncha yake moja ikarudi kiganjani. Lazima lishonwe.

Kulishona ni kazi ngumu kuliko ngozi. Fikiria kamba ya katani iliyokatika: nyuzinyuzi zake zote zimelala upande mmoja. Ukitoboa na kuvuta, uzi unateleza katikati yao na kuchomoka. Ndiyo maana mshono wa Kessler, uliotangazwa mwaka 1973, huuzungusha uzi kwenye pembe za kano ili ukamate fungu la nyuzinyuzi. Uzi huanzia milimita 7 hadi 10 kutoka kwenye mkato. Ukiwa karibu zaidi, hung'oka.

Maabara hupima mishono hii kwa makano ya nguruwe, kondoo au ya maiti waliotolewa kwa utafiti. Mashine hubana ncha mbili na kuvuta mpaka uzi ukatike au uchomoke. Unene wa uzi una maana, na namna ya kuufunga ina maana, lakini jambo linalojirudia ni hili: hesabu nyuzi zinazovuka mkato. Kessler ya kawaida ina mbili, nayo huachia kwenye mvuto wa kilo 2 hadi 3 hivi. Zikiwa nne, nguvu hukaribia mara mbili.

Kwani kidole kisifungwe tu plasta kikapumzika? Kwa sababu ndani ya kidole kano hupita katika ala, kama kisu kwenye ala yake. Likitulia humo wiki kadhaa, hugandana na kuta, na kidole kinabaki kigumu hata kama mshono umeshika vizuri. Ugumu huo uliwatisha madaktari miaka mingi. Sterling Bunnell, bingwa wa upasuaji wa mkono nchini Marekani, aliliita eneo hilo ardhi isiyo na mwenyewe, na ushauri ulikuwa kufunga ngozi tu, kisha kupandikiza kano jingine baadaye. Mwaka 1967 Harold Kleinert na wenzake wa Louisville walionyesha kwamba linaweza kushonwa mapema na kidole kikaanza kusogezwa mapema.

Hapo ndipo hesabu inapobana. Vipimo vilivyochapishwa mwaka 1992, vilivyochukuliwa kwenye makano ya watu hai, vilionyesha kwamba kidole kikikunjwa kwa mkono mwingine, kano hubeba chini ya kilo 1. Kikijikunja chenyewe bila kushika kitu, hufika kilo 3.5. Ukifinya kitu kwa ncha za vidole, hufika 12. Tena katika wiki mbili za kwanza ncha za kano hulainika, na mshono hudhoofika kabla ya kupata nguvu. Nyuzi mbili hazitoshi kwa mgonjwa anayetakiwa kukunja kidole mwenyewe.

Basi mbona zisiwe kumi? Kila uzi huongeza unene, na kano lililovimba kwa nyuzi hukwama kwenye pete zinazolishikilia karibu na mfupa. Kwa maoni yangu, mshono wa maana kuliko unavyosifiwa ni ule uzi mwembamba unaozungushwa ukingoni mwa mkato. Hulainisha uso wa kano, huongeza nguvu, na huzuia mwanya. Katika majaribio ya mbwa ya mwaka 1999, makano yaliyoachana zaidi ya milimita 3 hayakuongeza nguvu kwa wiki 6.

Siku hizi baadhi ya wapasuaji huganzisha mkono tu, mgonjwa akiwa macho. Kabla ya kufunga ngozi humwambia akunje kidole, nao wanatazama: je, mkato unafunguka? Je, kano linakwama kwenye pete? Likikwama, wanarekebisha hapo hapo.