Radio ya hospitali, radio ya habari, na "mionzi" ya telefone

Mwanafunzi akiumwa kichwa, hapa Lubumbashi jibu liko tayari: mionzi ya telefone. Macho yakimwasha, mionzi. Usiku asipolala, mionzi tena.

Mionzi ni nishati inayotoka kwenye chanzo chake na kusafiri bila waya wala bomba. Jua linatoa mionzi, mbabula yenye makaa inatoa, balbu inatoa. Neno lenyewe halitaji ugonjwa wowote.

Vurugu ililetwa na lugha. Kilatini kilikuwa na neno radius, kijiti kinachotoka katikati ya gurudumu mpaka ukingoni. Kifaransa kikapata rayon, ambalo hadi leo ni jina la zile nyaya za gurudumu la kinga na pia la mwonzi wa jua. Kwenye ukoo huohuo wakazaliwa radiation, radium na radio. Sisi tukapokea radio mara mbili: ile inayosoma habari, na ile ya hospitali ya kuangalia mfupa uliovunjika. Jina moja, vitu viwili. Telefone ni ndugu wa radio ya habari, yaani chombo kinachopokea na kutuma mawimbi, lakini watu wanaiogopa kama ile ya hospitali.

Mionzi husafiri kwa vifurushi vidogo vidogo vya nishati, na tofauti iko kwenye nguvu ya kila kifurushi, ambayo wanafizikia huipima kwa elektronivolti. Kung'oa elektroni kwenye atomi za mwili, na hivyo kuharibu chembe za urithi, kunataka elektronivolti 10 hivi. Kifurushi cha radio ya hospitali kina makumi ya maelfu. Cha mwanga wa mshumaa kina kama 2. Cha mawimbi ya rezo ya megahezi 900 hakifiki hata sehemu 4 za elektronivolti moja iliyogawanywa mara milioni. Na wingi hausaidii: vijana elfu wakiruka chini ya mwembe, kila mmoja nusu mita, embe lililo mita 10 juu halitaguswa. Ndiyo maana mionzi ya urani ya Shinkolobwe, kule upande wa Likasi, ni jambo la kuogopwa kweli, na haifai kuwekwa kapu moja na mawimbi ya rezo.

Mawimbi hayo yanapasha joto, kidogo. Kipimo chake kinaitwa DAS kwa Kifaransa, na kikomo cha Ulaya kwa kichwa ni wati 2 kwa kilo moja ya mwili. Piga *#07# na telefone nyingi zitakuonyesha namba yake. Rezo ikiwa dhaifu telefone inaongeza nguvu ya kutuma, kwa hiyo palipo na kijiti kimoja tu cha rezo, tumia kipaza sauti na uishike sentimita 30 kutoka kichwani. (Sikio kupata moto kunatokana zaidi na betri na kioo vilivyoliziba.)

Wengine wanaleta tangazo la 2011, ambapo IARC, shirika la saratani chini ya WHO, liliyaweka mawimbi ya radio kundi la 2B. Kundi hilo linasema "huenda kitu hiki kinaleta saratani": ushahidi ni mdogo na haujatosha. Dondoo la jani zima la mshubiri limo humohumo. Tumbaku na mwanga wa jua viko kundi la 1, la vitu vinavyoleta saratani kwa hakika, na hakuna anayemkataza mtoto kutoka nje saa sita mchana.

Yule mwanafunzi basi anaumwa na nini? Shingo: kichwa kina kilo 5 hivi, na kadiri kinavyoinama ndivyo misuli ya nyuma inavyovuta zaidi. Macho yanakauka kwa sababu mtu akikodolea kioo anapepesa mara chache. Kila dakika 20 atazame kitu kilicho mita 6 kwa sekunde 20. Usingizi unaibwa na mwanga na mazungumzo ya saa saba usiku. Masikio nayo, kwa ekuta zilizofunguliwa mpaka mwisho: WHO inakubali desibeli 80 kwa saa 40 tu kwa wiki.

Mama akisema telefone ina mionzi, hajakosea kabisa, kwa hiyo usimcheke. Mwambie tu kwamba ile ya telefone tunaiita mawimbi ya rezo, na "mionzi" tuiachie radio ya hospitali.