Kola ya marinda: pambo la shingoni lililotangaza cheo

Ukitazama picha za wakubwa wa Ulaya wa mwishoni mwa karne ya 16, utaona vichwa kama vimepakuliwa kwenye sahani nyeupe. Ile sahani ndiyo kola ya marinda: ukanda mrefu wa kitani chepesi, wakati mwingine wenye lesi, uliokunjwa marinda mengi na kuzungushwa shingo nzima. Wanaume walivaa, wanawake walivaa, hata watoto wa matajiri.

Haikuanza kwa makuu. Shati la wakati ule lilikazwa shingoni kwa uzi, na uzi ukivutwa, ukingo wa kitambaa ulijikunja wenyewe. Mkunjo ukapendeza, ukaongezwa upana, mwisho ukatengwa na shati, ukawa vazi la peke yake.

Kilichoikuza hasa ni wanga, yaani unga uliopikwa kwa maji na kutiwa kitambaani ili kikauke kikiwa kigumu, maana kitani laini hakisimami chenyewe. Mwaka 1564 mwanamke wa Flanders (eneo ambalo leo liko zaidi Ubelgiji), Dinghen van der Plasse, alihamia London akafungua kazi ya kutia wanga. Waliotaka kujifunza walimlipa pauni 4 au 5, fedha nyingi sana enzi hizo, na shilingi 20 zaidi kwa kufundishwa kuupika wanga wenyewe.

Na kazi ilikuwa kazi kweli. Kola ilifuliwa, ikatiwa wanga, kisha rinda moja moja likatengenezwa kwa kijiti cha chuma kilichopashwa moto. Zile pana ziliwekewa fremu ya waya chini zisilale. Mvua ikikupiga njiani, kila kitu kinaanza upya. Wanga mwingine ulitokana na mizizi ya mmea wa porini, na John Gerard, mtaalamu wa mitishamba, aliandika mwaka 1597 kwamba uliwapasua wafuaji mikono na kuwatoa malengelenge. Hapo ndipo hadhi ilipokuwa: aliyevaa kola hiyo hainami kufua wala kupika, na yeyote anayemwona anajua ana watu wa kumfanyia.

Wengine walichukia. Philip Stubbes, mwandishi wa Uingereza, mwaka 1583 aliuita wanga maji ya shetani. Palikuwa pia na manung'uniko ya haki, nionavyo mimi, kwamba ngano ya kula inageuzwa wanga na kuishia shingoni mwa matajiri. Kisha ikaja fasheni ya wanga wa manjano, iliyohusishwa na Anne Turner, aliyenyongwa London mwaka 1615 kwa kushiriki mauaji ya mshairi Thomas Overbury kwa sumu.

Hispania, iliyokuwa mstari wa mbele katika fasheni hii, ndiyo iliyoikata: mwaka 1623 Mfalme Philip IV alipiga marufuku kola hizo kwa sababu ya gharama, mahali pake ikaingia golilla, kola bapa isiyo na marinda. Waholanzi waliendelea nazo kwa miaka mingine mingi, na mchoraji wao Rembrandt alizichora katika miaka ya 1630. Huko Denmark, wachungaji wa Kilutheri wanaivaa mpaka leo wakiongoza ibada.